Samaki Mwenye Haya

Nyungunyungu alirudi mzima. Ilikuwa mara ya tano. Inspekta Pontien alimvuta hadi ukingoni, akamtazama anavyojinyonganyonga kwenye ndoana, akamrudisha majini. Ukungu ulikuwa umeshaondoka mlimani na ziwa dogo la Lubangwa lilitulia kama chai iliyosahauliwa mezani.

Fimbo aliyoshika haikuwa yake. Ilikuwa mojawapo ya zile fimbo kumi na mbili za kisasa, zenye kapi la kuzungushia uzi, ambazo wakubwa waliziacha hapo siku tisa zilizopita. Walipanda na magari yao kuja kuloba kwa ndoana turuite, samaki wa maji baridi ambaye huku hakuna aliyewahi kumsikia. Vitoto elfu sita vililetwa kwa ndege, miezi saba sasa, vikapandwa ziwani. Ndivyo watu wa mradi wanavyosema, "kupanda samaki", kama vile mahindi. Eti wageni watatoka pembe zote kuja kuloba, na vijiji vya mlimani vitapata kazi. Siku ya kufungua, wakubwa walisimama ukingoni tangu asubuhi hadi saa tisa, buti mpya miguuni, kamera nyuma yao, na hakuna aliyevuta hata chura.

Sasa mkubwa akiaibika hawezi kubaki na aibu yake peke yake. Lazima atafutwe mtu wa chini aibebe. Kabla jua halijatua, Kizito, mlinzi wa ziwa, alikuwa amefungwa kamba na kutupwa nyuma ya pick-up. Directeur, yaani mkurugenzi wa mradi, Bwana Prospère, alisema Kizito amewalewesha samaki kwa buba, mmea wa sumu, akawaokota wote, akawauza mjini. Na kweli, ndani ya nyumba ya Kizito palikutwa fungu la majani ya buba. Ijumaa angepelekwa mbele ya hakimu, na waliojua mambo ya pale walisema miaka mitano haitapungua.

Leo ilikuwa Jumatano. Pontien alipewa dosye, faili la kesi hiyo, Jumatatu. Walimpa ili aijaze kurasa, si ili aitafute kweli, maana kwa kutafuta kweli wangemchagua mwenye diploma. Yeye shule aliachia darasa la nne. Aliingia polisi kwa mlango wa jikoni, mpishi wa kambi, na mpaka leo Kifaransa anakisoma kwa kidole. Lakini baba yake alikuwa mvuvi wa pwani ya kaskazini, na mambo ya samaki hayasomwi kwa Kifaransa.

"Papa Inspekta," sauti ilisema nyuma yake, "unaloba ao unaogesha nyungunyungu?"

Alikuwa Henriette, mke wa Kizito, na beseni kichwani.

"Ninamuogesha, Mama. Tangu saa kumi na mbili. Ameshatakata kabisa."

Henriette alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka wiki nzima, kisha akakikata.

"Mama, ile buba walikuta kwako ilikuwa ya nini?"

"Ya kuku. Kuku yangu iko na chawa. Nasugua buba chini ya mabawa, chawa inakufa. Nilimuambia ule polisi. Akaniuliza, basi kuku njo shahidi yako?"

"Niletee shahidi."

Henriette alimkamata jogoo mmoja mwekundu aliyepiga kelele kama mtu anayeibiwa. Pontien alimfunua bawa, akanusa. Harufu ya buba ilikuwa imeingia mpaka kwenye ngozi. Alimwachia, akajipangusa mikono, akavua viatu na kuingia kwenye matete yaliyo kando ya maji.

Alikaa humo muda mrefu. Alipinda mgongo, akafunua majani, akageuza mawe. Chini ya jiwe la kwanza palikuwa na kaa. Chini ya la pili palikuwa na kaa wawili. Na katikati ya matete viluwiluwi walijaa, wanene kama kidole gumba, wengine wameshaota miguu ya nyuma.

Buba haichagui. Ikiingia ndani ya maji, samaki anageuza tumbo, na kaa naye, na chura naye, na watoto wa chura wanakufa wa kwanza. Hawa walioota miguu hawakuzaliwa juzi.

"Hakuna aliyeweka buba hapa," alisema akitoka majini. "Sasa nionyeshe chakula ya samaki."

Magunia yalikuwa kwenye kibanda, yamepangwa vizuri, moja limefunguliwa. Henriette alichota kikombe kimoja bila kuambiwa.

"Kizito alisema, hata kama nimefungwa, samaki isilale njaa. Kila asubuhi natupa."

"Tupa niangalie."

Alitupa kwa mkono mpana, kama anayepanda mtama. Punje ziliangukia juu ya maji zikaelea. Pontien alichuchumaa. Alisubiri maji yavunjike, mdomo mmoja utokeze, mkia mmoja upige. Punje zilielea, zikalowa, zikavimba, upepo ukazisukuma polepole hadi kwenye matete.

"Nani anakula?"

"Inakulaka wakati hatuko," Henriette alisema. "Directeur alifundisha Kizito vile. Alisema turuite ni samaki ya haya. Ikiona muntu, inajificha."

"Na wewe, Mama, miezi saba, ulishaona hata moja?"

Henriette alijirekebisha kitambaa kichwani, kisha akakirekebisha tena.

"Kizito njo mulinzi, Papa. Uliza yeye."

Pontien hakumsukuma zaidi. Alikunja uzi, akairudisha fimbo ya wakubwa mahali pake, akamwita mwenye pikipiki aliyekuja naye. Buba ilikuwa imeondoka kwenye hesabu. Ulibaki wizi.

*

Alasiri alikuwa sokoni Kalemie, mbele ya meza ya Mama Bertille, aliyeuza mikebuka, samaki wa Tanganyika, tangu watoto wake hawajaota meno, na sasa watoto hao walikuwa na watoto. Pontien alimweleza turuite alivyosikia mwenyewe: samaki wa urefu wa kiganja na nusu kwa umri ule, madoadoa meusi mgongoni, mstari mwekundu ubavuni, magamba madogo usiyoweza kuyahisi kwa kidole.

Bertille alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamgeukia jirani yake.

"Unasikia? Papa huyu anatafuta samaki yenye kuvaa libaya ya madoadoa na mukanda mwekundu. Ni samaki ao ni bibi harusi?"

Meza zote za jirani zilicheka.

"Ngojea nicheke mbele, nitakujibu," Bertille alisema akipangusa macho. "Papa, hapa mukebuka ya Moba na mukebuka ya Kalemie tunazitenganisha kwa harufu. Ukileta hapa samaki mumoja tusiyemujua, mumoja tu, kabla ya saa sita soko yote itakuwa imekuja kumuangalia. Na wewe unasema ngapi?"

"Elfu sita."

"Elfu sita! Wangekuja na padri kuombea meza zetu."

"Kavu? Wa kuchoma moshi?"

"Hata majivu yake hatukuona. Enda, Papa. Ule mwizi wako, kama aliuza, aliuzia malaika."

Pontien alinunua mikebuka miwili, kwa sababu si vizuri kumsumbua muuzaji bure, akaondoka akitembea polepole. Samaki hawakuuawa ziwani. Samaki hawakuuzwa mjini. Na yule nyungunyungu alikaa majini asubuhi nzima hajaonjwa na mdomo wowote. Mwizi gani anamaliza ziwa mpaka wa mwisho, asibakize hata mmoja wa kuonja nyungunyungu?

Alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli akamtukana, akampita.

Swali ambalo hakuna aliyeuliza lilikuwa hili: nani aliwaona wakiingia?

*

Kwenye dosye kulikuwa na jibu. Alhamisi asubuhi aliliweka mezani akalisoma kwa kidole, neno kwa neno. Dereva wa mradi, jina lake Rubens, alihojiwa siku Kizito alipokamatwa. Karani wa parquet, ofisi ya mashtaka, ndiye aliyeandika PV ya maelezo yake, na kwa Kifaransa chake kizuri ilisomeka kwamba yeye Rubens ndiye aliyewapanda samaki ziwani kwa mikono yake. Chini palikuwa na sahihi ya Rubens, herufi kubwa zilizolala upande.

Pontien alimkuta garajini, amelala chini ya kamio, lori la mradi. Miguu tu ndiyo ilionekana.

"Rubens. Toka tuongee."

"Nani?"

"Polisi."

Miguu ilitulia. Kisha mtu mzima alitoka, mafuta usoni, mwili mkubwa na sauti ndogo.

"Papa Inspekta, mi nilishasema yote. Nilitia sahihi."

"Ulitia sahihi nini?"

"Ile karatasi."

"Uliisoma?"

"Ilikuwa Kifaransa, Papa."

"Basi niambie kwa Kiswahili. Karani alikuuliza nini?"

"Aliniuliza, ni wewe njo ulipanda samaki? Nikamujibu, ndiyo, nilipandisha samaki."

Pontien alikaa juu ya tairi.

"Sema tena."

"Nilipandisha samaki."

"Ulipanda ao ulipandisha?"

"Nilipandisha. Na kamio. Toka uwanja wa ndege mpaka kule juu kwa mulima." Rubens alionyesha kwa mkono mlima uliokuwa mbali, bluu. "Mi ni dereva. Napandisha na nashusha."

"Karatasi inasema uliwapanda. Uliwamwaga ndani ya maji, wazima, wakaogelea."

Rubens alichukua kitambaa akaanza kupangusa mkono ambao ulikuwa tayari safi.

"Hapana, Papa. Mi sikusema vile."

"Sahihi ni yako. Kesho hakimu akiuliza samaki wako wapi, wa kwanza kujibu ni aliyewaweka. Directeur hatakuwa kwenye karatasi hiyo. Utakuwa wewe, peke yako, na Kifaransa chako."

Ndani ya garaji mtu alikuwa anagonga chuma, akaacha.

"Wale samaki walikuwa wanakufa na baridi," Rubens alisema.

"Sema vizuri."

"Ndege ilishuka saa sita. Walitoa mapipa kumi, na maji, na barafu ndani! Papa, mi ni mutoto wa ziwa. Samaki ndani ya barafu ni samaki ya kuuza, si samaki ya kuishi. Nilifungua pipa, nikatia mukono, nikautoa mbio, ilikuwa sawa frigo. Na vile vitoto vilikuwa vimelala chini, havichezi. Nikasema, hawa watu wataua samaki."

"Hawakuja na mtaalamu?"

"Alikuja. Directeur alimupeleka kula na wakubwa. Mi waliniambia tu, ngojea na kamio. Saa moja ikapita, na ya pili. Jua inachoma, samaki inakufa baridi. Nikawaonea huruma. Nikashuka ku ziwa, nikamwaga ile maji ya barafu, nikawawekea maji ya Tanganyika, muzuri, ya vuguvugu." Alimtazama Pontien kama anayeomba kuungwa mkono. "Maji gani inashinda ile ya kwetu kwa samaki, Papa?"

Pontien hakucheka. Baba yake mwenyewe angefanya vilevile, na angejisifu jioni.

"Walichangamka?"

"Sana! Walizunguka, walizunguka. Nikafurahi. Nikafunika mapipa, wakubwa wakamaliza kula, tukapanda. Kufika juu nafungua, wote tumbo juu. Pipa ya kwanza, ya pili, zote kumi."

"Directeur alisema nini?"

"Nilimuita pembeni. Aliangalia, akafunika yeye mwenyewe. Akasema, kamera iko ng'ambo, wewe enda kwenye matete, mwaga haraka, toka mbali haitaonekana. Kizito alikuwa ng'ambo anazuia watu wa kijiji wasisogee. Nikamwaga. Wakubwa wakapiga makofi. Kesho yake mwewe walijaa pale kama soko, wakala mpaka wa mwisho."

"Na miezi saba ulinyamaza."

"Niko na watoto sita, Papa. Na mi njo niliwaua, na ile maji yangu ya vuguvugu."

Pontien alitoa kalamu. Aliandika kwa Kiswahili, herufi moja moja, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo, akamsomea Rubens yote kwa sauti. Alipofika kwenye "nilipandisha" alipiga mstari chini yake mara mbili.

*

Bado palikuwa na mfupa kooni. Kila wiki Kizito alipaswa kuandika hali ya samaki kwenye kaye, daftari lake la kazi, na kaye hiyo ilikuwa kwenye dosye. Wiki hii: turuite iko muzuri. Wiki iliyofuata: turuite inaongezeka. Dereva mmoja akisema samaki walikufa, na mlinzi mwenyewe ameandika kwa mkono wake kwamba wanaongezeka, hakimu atamwamini nani?

Kizito aliletwa kutoka kasho, chumba cha mahabusu, amekonda, lakini amefunga vifungo vyote vya shati la kazi.

"Samaki inakula?" aliuliza kabla ya salamu.

"Kaa chini, Kizito."

Pontien alimwambia yote ya Rubens. Kizito alisikiliza akitikisa kichwa.

"Hapana, Papa. Nililinda ile samaki miezi saba. Mvua, baridi, chui moja ilipita mbele ya mulango."

"Uliwaona?"

"Niliona maji inatikisika."

"Maji yanatikiswa na upepo. Nimekuuliza samaki."

Kizito aliangalia mikono yake.

"Nikisema sikuona, ile kaye yote ni bongo, uongo mutupu. Mi nitakuwa mubongo mbele ya kijiji."

"Na ukisema uliona, walikuwepo, na walipotelea mikononi mwako. Utakuwa mwizi miaka mitano. Chagua."

"Mi si mwizi."

"Najua. Lakini siwezi kukutolea hilo neno mdomoni."

Pontien aliifungua kaye mwanzoni kabisa, akaigeuza imtazame. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechanwa. Meno ya karatasi yalibaki kwenye uzi.

"Hapa palikuwa na nini?"

Kizito aligusa yale meno kwa kidole.

"Wiki ya kwanza," alisema. "Niliandika, *sijaona samaki.* Directeur alisoma, akachana. Akasema turuite ni samaki ya haya, na mulinzi asiye na macho ya kuiona hafai, wako wengine wanatafuta kazi. Andika vizuri. Nikaandika vizuri. Mara ingine nililala kifudifudi ndani ya majani, mchana kutwa, ili isinione. Nikamuambia Henriette aache kuimba."

"Sema sasa nikiandika."

"Sikuona hata moja, Papa. Tangu siku ya kwanza."

"Tena."

"Sikuona hata moja."

Alipotia sahihi mkono ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua gunia.

*

Ijumaa saa mbili Pontien aliingia ofisi ya Procureur, mwendesha mashtaka, kabla kesi haijafika kwa hakimu. Prospère alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti kizuri, kikombe cha kahawa mkononi, mguu juu ya mguu.

"Ah, mpishi wetu!" alisema. "Umetupikia nini?"

Pontien aliweka karatasi mbili mezani. Procureur alizisoma. Alipofika katikati ya karatasi ya pili alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akaanza upya. Kahawa ya Prospère ilipoa.

"Dereva na mlinzi," Prospère alisema hatimaye. "Watu wa kuosha kamio na kufuga kuku. Wamekubaliana."

"Mmoja alikuwa garajini, mwingine kasho," Pontien alisema. "Hawakuonana tangu siku ya kukamatwa. Na kaye iliyochanwa ukurasa iko kwenye dosye uliyoleta mwenyewe, Bwana Directeur. Meno yake unaweza kuyahesabu. Kama kuna samaki, tupande leo wote watatu na fimbo zenu. Ukivuta mmoja tu, nachana karatasi hizi."

Prospère alisimama, akasema ana mkutano, akasahau kofia yake.

Procureur aliandika kwa haraka, akapiga sahihi, akaisukuma karatasi.

"Mlinzi atoke sasa hivi. Umeridhika?"

Dirishani Pontien aliona askari akikimbia nayo uani. Baada ya muda mfupi alimwona Kizito akitoka kwenye jua, mkono juu ya macho, na Henriette akimwendea bila haraka, kama mtu anayemkuta mumewe stesheni.

Alipogeuka, karatasi ya Rubens, ile yenye jina la Prospère ndani yake, ilikuwa imeshaingia chini ya kiwiko cha Procureur.

"Hii niachie. Tutaiangalia."

"Ipewe namba kwanza, Bwana Procureur, isipotee. Na cachet, muhuri wa ofisi."

"Mwenye cachet ametoka."

"Nitamungojea."

Pontien alivuta kile kiti kizuri, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Inspekta, anaweza asirudi mpaka Jumatatu," Procureur alisema kwa upole wa kumfukuza mtu. "Rudi kwako. Mama ya nyumba hakungojei na chakula?"

"Mi ni mujane, Bwana Procureur," Pontien alisema. "Jumatatu ni karibu."